Mshiko Mmoja, Amri Mbili: Jinsi Protini Zinazoshika RNA Zinavyotawala Chuma cha Seli

Walimu wetu, ndugu wa maabara za hospitali, na wanafunzi wa biolojia, asanteni kwa kuitika.

Mwaka 1965 Drysdale na Munro walitoa matokeo ya jaribio la panya ambalo hadi leo ni mlango mzuri wa kuingilia somo hili. Panya akipewa chuma, ini lake huanza kutengeneza feritini kwa wingi ndani ya saa chache. Feritini ni protini inayohifadhi chuma. Wao waliwapa panya pia aktinomaisini D, dawa inayoizuia seli kunakili jeni zake kuwa RNA. Kwa jinsi wengi wetu tulivyofundishwa, feritini isingepanda: hakuna nakala mpya, basi hakuna protini mpya. Ikapanda vilevile.

Maana yake ni kwamba ujumbe ulikuwa umeshaandikwa zamani, umekaa ndani ya seli bila kusomwa. Mwaka 1976 Zähringer, Baliga na Munro walionyesha ulikokuwa. Kabla ya chuma, sehemu kubwa ya RNA ya feritini ilielea nje ya ribosomu, mashine za seli zinazosoma RNA na kuunda protini. Baada ya chuma, ilihamia kwenye ribosomu na kusomwa. Wakapendekeza kwamba kuna protini inayoishika RNA hiyo na kuizuia, na kwamba chuma huiachisha. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuipata protini yenyewe.

Leo tutaifuata protini hiyo kwa karibu, kwa sababu inafundisha jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Protini inayoshika RNA haibebi mfukoni mwake amri ya "fanya" au "acha". Amri inatokana na mahali inaposhika. Protini hii moja, ikishika kifundo cha umbo lilelile, hunyamazisha ujumbe mmoja na kuurefushia maisha ujumbe mwingine.

Kwanza tukumbushane ujumbe unavyosomwa. RNA ya ujumbe ina kofia mwanzoni, yaani guanini iliyotiwa methili na kuunganishwa kinyumenyume. Baada ya kofia kuna kipande kisichotafsiriwa, kisha AUG ambapo tafsiri huanzia, kisha sehemu inayotafsiriwa, kisha kipande kingine kisichotafsiriwa, na mwisho mkia wa adenini nyingi. Protini eIF4E huishika kofia, huungana na eIF4G, na eIF4A hukunjua mikunjo ya RNA iliyo jirani. Kipande kidogo cha ribosomu, 40S, hakiji mikono mitupu. Kinakuja kimebeba protini saidizi eIF3, eIF1, eIF1A, na eIF2 yenye GTP (molekuli ya nishati) pamoja na tRNA, yaani RNA ndogo inayobeba asidi amino ya kuanzia, methionini. Mzigo huo mzima unaitwa 43S. Hutua karibu na kofia, hutambaa herufi kwa herufi hadi AUG, na hapo kipande kikubwa, 60S, hujiunga na kazi ya kuunga asidi amino huanza. Naomba mshike neno "hutua". Mzigo huo ni mkubwa sana, na kutua kwake kunahitaji uwanja ulio wazi.

Orodha iliyotolewa mwaka 2014 ilihesabu protini 1,542 za binadamu zinazoshika RNA. Nyingi hutumia vipande vya kushikia vinavyojirudia kutoka protini hadi protini. Kuna kinachoitwa RRM, chenye asidi amino kama 90, na KH, chenye kama 70, na kila kimoja kwa kawaida husoma herufi chache tu. Protini za jamii ya Pumilio zina vipande vinane vilivyopangwa kama upinde, kila kimoja kikisoma herufi moja. Protini zetu za leo hazina hata kimoja kati ya hivyo, na hilo lina historia yake tutakayoifikia.

Sasa chuma. Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 hivi za chuma. Utumbo huingiza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku, ilhali makrofaji, seli zinazomeza seli nyingine zilizochakaa, hurudisha kwenye mzunguko miligramu 20 hadi 25 kila siku kutoka seli nyekundu zilizozeeka. Ndani ya seli, chuma kikipungua himoglobini haitengenezwi na vimeng'enya vya kupumulia hukwama. Kikizidi na kubaki huru, hukutana na peroksidi ya haidrojeni na kuzaa radikali huru za haidroksili, chembe kali zinazochana utando wa seli na DNA. Kwa hiyo seli ina ghala na ina mlango. Ghala ni feritini, tufe la vipande 24 vya aina mbili, H na L, linaloweza kubeba hadi atomi 4,500 hivi za chuma. Mlango ni kipokezi cha transferini kilichokaa kwenye utando wa nje; transferini ni protini inayobeba chuma kwenye damu, na kipokezi huipokea pamoja na chuma chake. Chuma kikipungua, seli inataka milango mingi na ghala dogo. Kikizidi, inataka kinyume chake, tena upesi, maana chuma kilichoingia hakisubiri jeni zinakiliwe.

Mwaka 1987 kikundi cha Hentze, Rouault na Klausner huko Marekani kilionyesha kwamba kipande kifupi kilicho mwanzoni mwa ujumbe wa feritini kinatosha peke yake kuleta udhibiti huu. Walikihamishia kwenye ujumbe wa protini nyingine kabisa isiyohusiana na chuma, na protini hiyo nayo ikaanza kutii chuma. Kipande hicho kina herufi kama 30, kimejikunja kama kibanio cha nywele: shina la jozi za herufi, na juu yake kitanzi cha herufi sita, CAGUG na moja inayobadilika. Jozi tano chini ya kitanzi kuna herufi C isiyo na mwenzake, imejitokeza ubavuni. Watafiti hukiandika IRE. Sisi tutakiita kifundo cha chuma.

Mwaka uliofuata Leibold na Munro waliipata kwenye utegili wa seli, yaani majimaji yaliyo nje ya kiini, protini inayokishika. Leo tunajua ziko mbili, IRP1 na IRP2; kwa pamoja tutaziita IRP. Mshiko wake ni mkali kupita kawaida, na muundo uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwa nini: IRP1 hujifungua na kukumbatia kifundo kwa pande mbili zilizoachana, upande mmoja kwenye kitanzi na upande mwingine kwenye ile C iliyojitokeza, kila upande ukiwa na viungo kama kumi na viwili. Ukiifuta C ya kwanza ya kitanzi, mshiko unavunjika. Kumbukeni herufi hiyo, tutaihitaji maabara.

Kwenye ujumbe wa feritini kifundo kiko kimoja, karibu na kofia, umbali usiozidi herufi 40 hivi. IRP ikikishika, kofia bado inaweza kushikwa na eIF4E na wenzake, lakini 43S haitui. Uwanja umekaliwa. Kifundo kikisogezwa zaidi ya herufi 60 hivi kutoka kwenye kofia, kizuizi hupungua nguvu sana, kwa sababu 43S inapata nafasi ya kutua kwanza kisha inatambaa na kukikunjua kifundo njiani. Ushahidi tunaoupenda zaidi ni wa mwaka 1994. Stripecke, Hentze na wenzao waliweka karibu na kofia mahali pa kushikwa na protini zisizo na uhusiano wowote na chuma: moja ni ganda la kirusi cha bakteria kiitwacho MS2, nyingine ni U1A, ambayo kazi yake ya kawaida ni kwenye kukata na kuunga RNA ndani ya kiini. Zote mbili zilizuia tafsiri. Kirusi cha bakteria hakijui lolote kuhusu chuma cha binadamu. Kukaa kwake mahali pale kulitosha.

Hamia sasa kwenye ujumbe wa kipokezi cha transferini. Huku vifundo ni vitano, na vyote viko upande wa mkia, baada ya sehemu inayotafsiriwa. Katikati yake kuna mahali ambapo kimeng'enya cha kukata RNA hupenda kuuma. IRP zikivishika vifundo, kimeng'enya hakifiki, ujumbe unaishi muda mrefu, na kila nakala inazaa vipokezi vingi. IRP zikiachia, ujumbe unakatwa na kuisha. Tazameni basi hali ya chuma kidogo: IRP zinashika kote kuwili, feritini inafungwa na vipokezi vinaongezeka. Chuma kikizidi zinaachia kote kuwili, ghala linafunguliwa na mlango unapungua. Badiliko ni moja, matokeo ni mawili yanayopingana, na yote mawili seli iliyahitaji.

Kifundo hiki kimepandwa pia kwenye ujumbe mwingine. ALAS2, kimeng'enya cha kwanza cha kutengeneza himu (sehemu ya himoglobini inayoshika chuma) katika uboho, kina kimoja karibu na kofia, kwa hiyo himu haianzishwi pasipo chuma. HIF-2α, inayochochea utengenezaji wa seli nyekundu, nayo iko hivyo hivyo. DMT1, inayoingiza chuma, ina chake upande wa mkia. Feroportini, inayotoa chuma nje ya seli, ina chake karibu na kofia, na hapa kuna utata mzuri wa kufikiria. Chuma kikipungua mwilini, seli za utumbo zingeifunga feroportini na chuma cha chakula kingebaki ndani yake, mwili ukifa njaa. Seli hizo hulikwepa tatizo kwa kutengeneza pia nakala ya feroportini isiyo na kifundo. Jeni ni ileile, ila mwanzo wa ujumbe umebadilishwa.

Sasa, IRP inajuaje kuwa chuma kipo? Zile mbili zina njia tofauti kabisa. IRP1 ikiwa na chuma cha kutosha hubeba kishada cha atomi 4 za chuma na 4 za salfa, kilichoshikiliwa na asidi amino tatu za aina ya sisteini, namba 437, 503 na 506. Ikiwa na kishada ni akonitasi, kimeng'enya kinachogeuza sitreti kuwa isositreti, na RNA haiishiki kabisa kwa sababu kishada kinaifunga nafasi ya kushikia. Hii ndiyo historia niliyoiahidi: IRP1 ni kimeng'enya cha kemia ya sitreti kilichopewa kazi ya pili, ndiyo maana hukuti RRM ndani yake. Chuma kikipungua kishada hakijengwi, protini inafunguka, na inashika kifundo. Wingi wa protini haubadiliki, inayobadilika ni kazi yake. Ukibadilisha sisteini 437 kuwa serini, IRP1 hushika RNA wakati wote, chuma kiwepo kisiwepo.

IRP2 haina kishada. Yenyewe hutengenezwa na kuharibiwa. Mwaka 2009 makundi mawili ya utafiti yalitambua FBXL5, sehemu ya kifaa kinachobandika ubikwitini, alama ya kuharibiwa, kwenye IRP2 ili proteasomu iitafune. FBXL5 ina mfuko unaoshika chuma na kuhitaji oksijeni. Chuma kikiwapo mfuko unajaa, FBXL5 inadumu, na IRP2 inaisha. Chuma kikikosekana FBXL5 yenyewe huvunjika, na IRP2 hujikusanya.

Tofauti hii inawaponza watu kwenye maabara ya seli. Tishu nyingi za mwili huishi kwenye oksijeni ya asilimia 3 hadi 6. Kabati la kukuzia seli lina hewa ya kawaida, kama asilimia 21. Oksijeni nyingi hukiharibu kishada cha IRP1, na IRP1 inaonekana kama ndiyo bwana wa kila kitu, wakati kwenye tishu halisi sehemu kubwa yake ni akonitasi na IRP2 ndiyo inayofanya kazi. Anayepima mfumo huu kwenye hewa ya kawaida na kuandika kuwa IRP2 haina umuhimu amepima kabati lake.

Tuingie kwenye kipimo chenyewe cha mshiko wa IRP kwenye RNA, tukipe muda wake, kwa sababu ni cha bei nafuu kiasi na chuo chenye jeli na umeme wa uhakika kinaweza kukifanya. Hutengenezwa RNA fupi yenye kifundo, ikiwa na alama ya fosforasi-32 au rangi inayong'aa. Pasha RNA nyuzi 95 kwa dakika 2 ikiwa nyembamba kwenye maji, kisha iache ipoe kwenye joto la chumba ili kifundo kijikunje. Ikiwa nzito mno, RNA mbili hushikana zenyewe kwa zenyewe, nawe utaona mstari wa uongo kwenye jeli. Seli hupasuliwa kwenye maji yenye HEPES milimola 10, kloridi ya magnesi milimola 3, kloridi ya potasi milimola 40, gliseroli asilimia 5, DTT milimola 1 na sabuni isiyo na chaji. Zungusha kwa nguvu ya g 10,000 na uchukue maji ya juu. Maikrogramu 5 hadi 25 za protini huchanganywa na RNA kwa dakika 10. Kisha huwekwa RNase T1 ya kukata RNA iliyo tupu, na mwishoni heparini miligramu 5 kwa mililita ya kufukuza protini zinazoshika RNA ovyoovyo. Mchanganyiko hupitishwa kwenye jeli ya poliakrilamaidi ya asilimia 6 isiyo na kemikali za kufumua protini. RNA iliyoshikwa huchelewa, iliyo huru hukimbia mbele.

Yanayokwenda kombo tunayajua. Heparini ikikosekana jeli nzima inakuwa moshi. RNA yenye alama ikiwa kidogo kuliko protini, yote hushikwa, na seli zenye chuma na zisizo na chuma huonekana sawa. RNA lazima izidi. Ukitaka kujua IRP1 yote iliyopo, iliyo kazini na iliyo akonitasi, chukua sampuli ya pili uitie merkaptoethanoli asilimia 2 kabla ya RNA, nayo huifungua IRP1 yote. Bila sampuli hiyo huwezi kutenganisha "protini imepungua" na "protini imebadili kazi". Kwa seli za panya, IRP1 na IRP2 huonekana kama mistari miwili. Kwa seli za binadamu hukaa mahali pamoja, na lazima uongeze kingamwili ya moja wapo ili mstari wake usogee. Tena usikubali mstari wowote bila ushindani: RNA isiyo na alama, mara 50 hadi 100 zaidi, iufute mstari, na RNA ileile iliyofutwa ile C ya kwanza ya kitanzi ishindwe kuufuta. Kwa hali mbili za kulinganisha, seli za chuma kidogo hupatikana kwa deferoksamini, dawa inayonasa chuma, maikromola 100, na za chuma kingi kwa hemini au sitreti ya chuma na amonia.

Mshiko peke yake hauthibitishi kuwa tafsiri imezuiwa. Hilo hupimwa kwa kumimina utegili juu ya sukrosi ya asilimia 10 hadi 50, yenye saikloheksimaidi maikrogramu 100 kwa mililita ya kuzigandisha ribosomu zilipo, na kuzungusha kwa kasi kubwa kama saa mbili kwenye nyuzi 4. Ujumbe usiosomwa hubaki juu, unaosomwa na ribosomu nyingi huzama. Fanya na sampuli ya EDTA, inayozivunja ribosomu. Ujumbe usipopanda juu hapo, ulichokiona chini hakikuwa ribosomu.

Ndugu wa hospitali, feritini ya damu mnaipima ninyi, kwa hiyo neno moja kuhusu mipaka. Mfumo wa IRP ni wa seli moja moja. Chuma cha mwili mzima hutawaliwa na homoni ya hepsidini kutoka kwenye ini, na maambukizi huipandisha hepsidini na feritini pamoja. Ndiyo maana mwongozo wa WHO wa mwaka 2020 unahesabu upungufu kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kuwa feritini chini ya maikrogramu 12 kwa lita akiwa mzima, lakini chini ya 30 akiwa na maambukizi. Kwa mtu mzima ni 15 na 70. Pemba ilitupa sababu ya kuwa makini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, watoto waliopewa kila siku miligramu 12.5 za chuma pamoja na foliki, mahali penye malaria nyingi, walipata hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa kwa asilimia 12, na sehemu ile ya utafiti ikasimamishwa. Lakini watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu, katika kundi lililofuatiliwa kwa vipimo na matibabu ya malaria, walinufaika. Kumjua nani hasa amepungukiwa ni kazi ya benchi lenu.

Tumalizie na familia ambazo kifundo chenyewe kimeharibika. Mwaka 1995 watafiti wa Ufaransa na Italia walieleza ugonjwa wa kurithi ambamo feritini ya damu iko juu, mara nyingi zaidi ya 1,000, na mtoto wa jicho huanza mapema, wakati mwingine utotoni, ilhali chuma cha mwili ni cha kawaida. Sababu ni badiliko la herufi moja kwenye kifundo cha jeni ya feritini L, iliyo kwenye kromosomu ya 19: katika familia ya Paris, herufi A ya kitanzi imekuwa G; katika ile ya Verona, herufi G iliyoifuata imekuwa C. IRP haishiki tena vizuri, 43S inatua wakati wote, feritini L inamwagika na kujikusanya ndani ya lenzi ya jicho hadi mwanga unatawanyika. Badiliko likiwa kwenye kitanzi, feritini hupanda zaidi kuliko likiwa chini kwenye shina.

Hatari kwa mgonjwa huyu ni sisi wenyewe. Daktari anaona feritini 1,500, anadhani chuma kimefurika, anaagiza damu itolewe kila wiki, na baada ya muda mfupi mgonjwa ana upungufu wa damu huku feritini ikiwa bado juu. Kabla ya kutoa damu hata mara moja, pima kiwango cha transferini iliyojaa chuma. Kikiwa chini ya asilimia 45 na feritini iko juu bila maambukizi wala ugonjwa wa ini, uliza nani katika familia alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akiwa kijana. Kipimo cha kuthibitisha ni kusoma kipande cha kwanza tu cha jeni hiyo, herufi mia chache, kazi ya siku moja au mbili kwa maabara yenye PCR na pa kusomea DNA. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kurithi, kwa hiyo wapelekwe wakapimwe macho. Lenzi iliyofifia huondolewa kwa upasuaji uleule wa kawaida wa mtoto wa jicho, na chuma cha mgonjwa hakihitaji kuguswa.